Maswali ya wafugaji: kondoo ananawiri, mbona hazai?

Shikamoo daktari. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yaani anataka kupandwa, boma zima linajua. Kondoo wangu sijawahi kumwona hata mmoja. Wana kasoro? (Mama mfugaji, Longido)

Marahaba mama. Hawana kasoro. Kondoo jike hapigi kelele wala hapandi wenzake. Humfuata dume, hutikisa mkia, husimama apandwe. Dume asipokuwepo huoni kitu. Joto humrudia kila baada ya siku 17 hivi, hudumu saa 24 hadi 36, na yai hutoka karibu na mwisho wa saa hizo.

Kazi hiyo inaendeshwa na homoni zinazopokezana. Kifuko cha yai kikikua ndani ya ovari hutoa estrojeni. Estrojeni ikipanda vya kutosha, ubongo huiamuru tezi ya pituitari imwage homoni ya LH kwa wingi, na yai linachomoka. Pale lilipochomoka hujengeka tezi ndogo ya manjano inayotoa projesteroni, na hiyo hufunga mlango: ikiwapo, hakuna joto. Mimba isiposhika, kwenye siku ya 13 au 14 mji wa mimba hutoa prostaglandini, tezi ile inakufa, mlango unafunguka. Mimba ikishika, kijusi ambacho bado hata hakijajishikiza sawasawa hutuma ishara ya kuzuia prostaglandini hiyo. Kila nikilifikiria hili nastaajabu: kiumbe kidogo vile, na tayari kinajipigania.

Mpake dume kifuani udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta. Jike mwenye mgongo mwekundu amepandwa. Siku 17 zikipita badilisha rangi. Atakayepata rangi ya pili, ujue ya kwanza haikushika.

Nimeshauriwa ninunue sponji na sindano ili nipate mapacha. Zinafanyaje kazi? (Mfugaji, Nakuru)

Sponji imebeba homoni ya jamii ya projesteroni. Inakaa ukeni siku 12 hadi 14, na muda wote huo ule mlango niliomweleza mama wa Longido umefungwa kwa kundi zima. Ukizitoa zote siku moja, wengi wataingia kwenye joto ndani ya siku mbili hivi. Basi sponji inakupa kuzalisha kwa pamoja, haikupi mapacha.

Mapacha wanatafutwa kwa sindano ya eCG, homoni itokayo kwenye damu ya farasi wenye mimba, inayokuza vifuko kadhaa vya yai kwa mpigo. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Dozi ikizidi, jike anaweza kubeba watoto wanne, naye ana chuchu mbili. Watoto huzaliwa dhaifu, na mama mwenyewe anaweza kuanguka wiki za mwisho kwa kuwa chakula hakimtoshi yeye na mzigo wake. Dozi ipangwe na daktari wa mifugo aliyemwona kondoo. Vaa glavu, na mjamzito asizishike dawa hizi kabisa. Tena majike wote wakiwa kwenye joto siku moja, dume mmoja asipewe zaidi ya kumi.

Ningekuwa wewe, ningeanza na chakula. Wiki mbili au tatu kabla ya kupandisha, ongeza pumba ya mahindi, majani ya viazi vitamu au maganda ya migunga. Jike aliyekonda akianza kupata nafuu, ovari hupevusha mayai zaidi. Aliyekwisha kunenepa hutaona tofauti.

Kondoo wa Uingereza huzaa majira ya kuchipua. Wetu nao wana msimu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kule usiku ukirefuka, homoni ya melatonini hutoka kwa saa nyingi zaidi, na ubongo wa kondoo unajua vuli imefika, wakati wa kupandwa. Huku karibu na ikweta usiku haubadiliki sana, kwa hiyo kondoo wetu wa aina ya Maasai Mwekundu anaweza kupata mimba mwezi wowote. Wa kwetu huzuiwa na njaa, na kunyonyesha.

Baba yangu alimfunga dume kipande cha ngozi tumboni asiweze kupanda, akakifungua mwezi aliotaka. Ina maana leo? (Mfugaji, Kajiado)

Ina maana kubwa, na mzee alijua anachofanya: mimba ni miezi mitano, basi alihesabu watoto wakute majani. Ukitaka zaidi, mtenge dume mbali kabisa, asionekane wala asinuswe, kwa mwezi mmoja. Siku utakayomrudisha, harufu yake peke yake huamsha LH kwa majike waliokuwa wamelala, yaani hawaingii kwenye joto, na wengi hupevusha yai ndani ya siku mbili au tatu. Yai hilo la kwanza mara nyingi huja bila joto, kwa hiyo usikate tamaa. Wengi utawaona wakipandwa kati ya siku ya 17 na ya 25. Walio kwenye mzunguko tayari hawatabadilika.

Lusini, yale majani ya malisho, inaweza kuzuia mimba? (Mfugaji, Arusha)

Inaweza. Australia Magharibi, miaka ya 1940, majike waliolishwa aina fulani ya klova walikosa mimba kwa wingi, wengine kwa maisha yao yote, kwa sababu mmea ule una kemikali inayojifanya estrojeni. Lusini nayo ina ya kwake, na huongezeka majani yakiingiwa na ukungu. Wiki za kupandisha wape nyasi. Lusini yenye madoa usiwape majike.