Jibu: Kuogelea vizuri kunatosha kuongoza watu kwenye maji makali?

Mkuu, umeuliza kama kujua kuogelea kunatosha kupata kazi ya kuongoza watu kwa boti ya mpira kwenye maji makali. Hakutoshi. Kazi yenyewe ni kusoma mto: mkondo unapita wapi, unajirudi wapi nyuma ya mwamba, wapi panameza mtu. Maji hupangwa daraja la 1 hadi la 6, na la 6, lililo kali kuliko yote, kwa kawaida wateja hawapelekwi.

Jifunze huduma ya kwanza, na urushe kamba ya uokoaji mpaka mkono uzoee. Aliyeanguka alale chali, miguu itangulie, asijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi. Na sauti ya kutoa amri uwe nayo! Kubeba boti mgongoni nako ni sehemu ya kazi, ingawa matangazo hayasemi.