Maswali ya Wasomaji: Mchumi aliyekuwa waziri, kisha balozi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma uchumi hapa Dar es Salaam na anatamani siasa na ubalozi. Je, yupo Mtanzania aliyepita njia hiyo? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu msomaji, yupo Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwaka 1922, aliyesoma Chuo Kikuu cha Calcutta, India, na kushika Wizara ya Fedha kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Alirudishwa wizarani humo baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sisi wa Kariakoo tukipanga foleni tangu alfajiri, kikapu mkononi, kungojea sukari na sabuni, yeye ndiye aliyebeba mzigo wa kutafuta fedha za kigeni huku Serikali ikivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya mikopo. Mwaka 1980 aliongoza mkutano mkuu wa shirika hilo na Benki ya Dunia mjini Washington, jambo ambalo kwangu ni la kujivunia sana. Baadaye aliiwakilisha Tanzania mjini Geneva. Alifariki mwaka 1995. Mwanao aanze na hesabu za bajeti, kwa kuwa huko ndiko Jamal alikojijengea heshima.