Linux inakubali paswedi halafu inakurudisha palepale? Usipige windo kwanza

Unaandika paswedi, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu pap, uko tena pale pale pa kuandika paswedi. Ukiuliza mtu atakwambia piga windo upya (hata kama ni Linux, kwetu bado inaitwa kupiga windo). Achana naye kwanza.

Angalia mashine inasema nini. Ikisema paswedi siyo sahihi, hiyo ni kesi nyingine, cheki Caps Lock na lugha ya kibodi. Ila kama hailalamiki, inakurudisha tu kimya kimya, mara nyingi paswedi haina shida, desktopu yenyewe ndiyo inakufa ikijaribu kufunguka. Kuhakikisha, bonyeza Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini nyeusi ya maandishi tu, weka jina na paswedi, na usiogope ukiona herufi za paswedi hazitokei, ndivyo ilivyo. Ukiingia, umeshapata pa kufanyia kazi.

Mimi huwa naanza na df -h kabla ya kitu chochote, maana laptopu nyingi za washkaji ninazoletewa diski imejaa, na desktopu ikikosa pa kuandika vifaili vyake haifunguki. Ukiona nafasi iliyobaki ni 0 wakati ukipiga hesabu bado zipo GB kadhaa usishangae, ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) kwa kawaida inatenga 5% kwa ajili ya root (yuza mkuu wa mashine) peke yake. Piga sudo apt clean (inafuta vifurushi vilivyodownlodiwa), kisha sudo journalctl --vacuum-size=100M (inapunguza kumbukumbu za mfumo), halafu angalia Downloads na bakapu za zamani, huko ndiko kwenye uzito.

Diski ikiwa na nafasi, andika ls -la ~ uone mafaili ni ya nani. Kwenye Mint na nyingine zinazotumia LightDM (programu ya ile skrini ya paswedi), mchawi mara nyingi ni .Xauthority (faili la ruhusa ya kufungua desktopu) kuwa ya root, kawaida baada ya mtu kufungua programu ya desktopu kwa sudo. Dawa ni sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority, basi. Cheki na ls -ld /tmp, inatakiwa isome drwxrwxrwt, kama siyo hivyo piga sudo chmod 1777 /tmp.

Kama shida imeanza baada ya apdeti na una kadi ya Nvidia, mimi nashuku draiva. Wakati wa kuwaka ingia Advanced options kwenye GRUB (menyu ya kuwashia), chagua keneli (kiini cha Linux) ya zamani.

Bado tu? Tengeneza yuza mpya, sudo adduser jaribio, halafu jaribu kuingia naye kwenye desktopu. Akiingia, mfumo ni mzima, ubovu uko kwenye mafaili yaliyofichwa (yanayoanza na nukta) ya yuza wako, hasa ndani ya .config, ibadilishe jina iwe .config-zamani ujaribu tena. Naye akigoma, soma journalctl -b -p err, na hiyo mistari ya mwisho ndiyo ya kumtumia mtu unayemuomba msaada, siyo picha ya skrini nyeusi.