Dume anaonekana mzima, nimpandishe jike wangu?

Msomaji wa Nungwi anauliza: ana farasi jike wa kupandisha wageni ufukweni, jirani kaleta dume kutoka bara, hana kidonda wala hakohoi, wamekubaliana mwezi ujao ampande. Kuna maradhi ya kuogopa?

Kaka, waalaykum salaam. Hapo kwenye "mzima" ndo pananitia wasiwasi, maana kuna bakteria anaitwa Taylorella equigenitalis, aligunduliwa Uingereza 1977, mwaka wa pili yake akazuka Kentucky kule Marekani, na bakteria huyo hamuumizi dume hata kidogo. Anakaa tu kwenye uchafu wa ndani ya govi, miezi mpaka miaka, dume anakula anakimbia na kila jike anayempanda anamwachia. Jike sasa ndo anaumwa kizazi, siku chache baadae unaona ute wa kijivu kama usaha unashuka mpaka mkiani, mimba haishiki, anarudi joto, yaani anataka dume tena, mapema. Na wapo majike wasioonesha chochote, hao ndo balaa.

Kwaiyo mpime dume kabla, na jike pia. Daktari anapitisha pamba ndani ya govi, kwenye mrija wa mkojo na kile kishimo kinachouzunguka, kwa jike kwenye kishimo cha kisimi. Pamba inatiwa kwenye kichupa chenye rojo la mkaa la kumtunza bakteria njiani, inakaa baridi, ifike maabara ndani ya masaa 48, kwahivo panga na boti kabisa usije ukachukua sampuli Ijumaa jioni. Tena msimchome antibayotiki ati mnamsafisha! Akichomwa subirini angalau siku 7, akipakwa hukohuko siku 21, la sivyo majibu yatakudanganya.

Akikutwa nayo anatibika, anaoshwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kupakwa dawa siku 5 mfululizo halafu anapimwa tena. Binadamu haambukizwi. Ila ndoo na sponji msichangie, na kupandikiza mbegu kwa mrija hakukuokoi kama mbegu zenyewe chafu.

Damu nayo muipime durini, hiyo ni jamaa ya malale, inapita kwa kupandana vilevile na chanjo haina.

Mimba ya farasi ni miezi 11, wiki mbili tatu za kusubiri majibu si kitu. Gharama mgawane na jirani, maana jike wako pia anaweza kumuambukiza dume wake.