Uwanja wa chuo wa watu laki moja, na swali la shemeji

Tangu nitume ile video ya mechi kwenye kundi la familia, maswali ni yale yale. Wengi mnauliza kama kweli uwanja ule ni wa chuo. Shemeji yangu wa Morogoro anauliza kama kijana wake, anayecheza namba kumi, anaweza kupata nafasi huku. Nawajibu nyote hapa, na sifichi kitu.

Ndiyo, ni wa chuo. Ohio Stadium, hapa Columbus, Marekani, ni mali ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Ulifunguliwa mwaka 1922 na unaingiza watu 102,780. Uwanja wa Mkapa pale Temeke unaingiza 60,000. Na bado kuna unaouzidi huu wa Columbus: wa Chuo Kikuu cha Michigan, mji wa Ann Arbor, una nafasi 107,601. Mchezo wenyewe si soka letu. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande zote mbili.

Jumamosi ya mechi mji mzima unavaa nyekundu. Tangu asubuhi watu wameegesha magari, wamefungua buti, wamewasha majiko wanachoma nyama. Mtu usiyemjua anakupigia kelele "O-H!" na wewe unatakiwa umjibu "I-O!" Utakutana na mzee aliyeendesha gari saa nyingi kuja kuwaangalia vijana wa miaka 19, kwa sababu baba yake alikuwa akimleta hapo akiwa mtoto. Wiki ya kucheza na Michigan, mwishoni mwa Novemba, herufi M kwenye mabango ya chuo zinapigwa msalaba kwa utepe mwekundu. Mliolelewa na Simba na Yanga mtaelewa bila kuelezwa.

Kitu ninachokipenda kuliko mechi yenyewe ni bendi. Ni wanafunzi, matarumbeta na ngoma tupu. Wanatembea kwa mstari mmoja, wanapinda, wanakatizana, mpaka miili yao inaandika neno "Ohio" katikati ya uwanja. Mwishoni anatoka mmoja aliyejizungushia lile tarumbeta kubwa mwilini, anatembea kwa madaha hadi juu ya herufi "i", anakuwa nukta yake, kisha anainama kusalimia upande huu na upande ule. Watu laki moja wanasimama kumshangilia. Wamefanya hivyo tangu 1936, na kila nikiona mwili unanisisimka.

Sasa shemeji, nije kwako.

Fedha za huku ni kweli. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Lakini sehemu kubwa inakwenda kwenye huo mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume, kwa kuwa ndiyo inayojaza viwanja na kuuza haki za televisheni. Na kijana wetu anakuja kwa viza ya mwanafunzi, ambayo inambana sana kwenye suala la kulipwa. Asipande ndege akiwaza mshahara.

Anachoweza kupata ni ufadhili wa masomo, na hapo napo msidanganyike. Kwa miaka mingi timu ya mpira wa Kimarekani iliruhusiwa ufadhili kamili 85. Timu ya soka ya wanaume iliruhusiwa 9.9, wachezaji wakagawana vipande. Sheria zimebadilika, lakini mchezo wenye fedha bado ni ule ule. Vyuo vinavyocheza daraja la tatu la mashindano ya vyuo havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Anayekwambia "chuo kitalipa kila kitu, nipe milioni mbili za usajili" anakuibia. Mwandikie kocha mwenyewe, anwani yake iko wazi kwenye tovuti ya chuo.

Njia ambayo watu wetu wamepita kweli kweli ni riadha. Mtanzania Suleiman Nyambui alisoma chuo cha El Paso, Texas, akatwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State. Kwenye kikapu, Hasheem Thabeet wa Dar aling'ara Chuo Kikuu cha Connecticut, akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu, mwaka 2009. Soka la vyuo huku linachezwa kwenye viwanja vidogo. Hapa Ohio State wanacheza kwenye uwanja wa Jesse Owens, wenye nafasi kama 10,000, ambao unabeba jina la mwanariadha aliyekimbia kwa niaba ya chuo hiki bila ufadhili, akifanya vibarua ili asome, kisha akaenda kuchukua dhahabu nne kwenye Olimpiki ya Berlin.

Kocha akipenda video ya kijana, kitu cha pili atakachoomba ni matokeo ya shule. Anatakiwa awe amefaulu masomo ya msingi sekondari, Kiingereza chake kipimwe, na akifika huku abaki na alama nzuri darasani, la sivyo hachezi.

Kwa hiyo shemeji, video nimeiona, mguu wa kushoto anao. Nitumie matokeo yake ya kidato cha nne.