Mkuu simamisha safari, mtakwimu anaonwa KABLA ya kwenda uwandani

Umeandika unaondoka wiki ijayo, una eneo moja lililozungushiwa uzio mifugo isiingie na eneo moja la wazi pembeni yake, ploti 80 (vipande vidogo vya kupimia nyasi) kila upande, na mtakwimu utamtafuta ukirudi na data. Hapo mwisho tumbo limenikata kabisa, maana huyo ni mimi mtupu, tofauti yangu ilikuwa moto badala ya mbuzi.

Mimi nilikuwa na kipande kimoja cha msitu kilichoungua na kingine ambacho moto haukukigusa. Nikapanga ploti 60 huku na 60 kule, nikahesabu miche iliyoota yenyewe, mmoja mmoja, miezi 14, nimepiga magoti mpaka suruali mbili zikatoboka. Nikarudi nikaingiza kwenye kompyuta, jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili, likatoa thamani ya p yenye masifuri mengi, yaani tofauti kubwa hivyo si rahisi itokee kwa bahati tu, nikaanza kujiita daktari mbele ya kioo. Ndo nikaenda kitengo cha ushauri wa takwimu, nikijua naenda kugongewa muhuri tu. Yule mama akaniacha niongee weee mpaka nikamaliza, akachukua penseli akachora maboksi mawili, ndani yake akapiga vidoti, akaniuliza swali moja tu: moto uliwaka mara ngapi? Nikamwambia mara moja. Akachukua kifutio akafuta vidoti vyote, yakabaki maboksi mawili matupu. "Sampuli zako ni hizi."

Mbili mkuu. Sio 120.

Nikabisha sana aisee. Akanielewesha hivi, ukionja sufuria moja vijiko 60 utaijua vizuri sana sufuria hiyo, lakini huwezi kusema kuni za aina fulani zinapika vizuri kuliko mkaa kwa sufuria moja ya kuni na moja ya mkaa. Na mbaya zaidi kile kipande kilichoungua kilikuwa bondeni kwenye udongo mzito wenye unyevu, kisichoungua kiko juu kwenye changarawe. Sasa miche ilizidi kwa sababu ya moto au kwa sababu ya bonde? Hakuna hesabu ya kutenganisha hayo maana kila ploti iliyoungua iko bondeni. Nikauliza vipi tukitumia modeli mchanganyiko, hesabu inayozingatia kwamba ploti za sehemu moja ni kundi moja, nilikuwa nimelisikia hilo jina mahali nikaona litaniokoa, akacheka akasema modeli haiwezi kuwasha moto wa pili.

Kosa lenyewe ni maarufu, linaitwa urudufu bandia, yaani kuhesabu vipimo vingi vya sehemu moja kana kwamba ni sampuli nyingi zinazojitegemea. Mwanaikolojia Hurlbert alilipa jina mwaka 1984, alipitia majaribio 176 ya ikolojia akalikuta kwenye asilimia 27, kwa hiyo angalau nimepotea na watu wenye digrii zao hahaha. Na Fisher, mtakwimu maarufu, alishasema tangu 1938 kwamba kumwita mtakwimu jaribio likishaisha ni kumwita apasue maiti, labda atakwambia tu limekufa na nini. Langu lilikufa kabla sijanunua hata futi kamba.

Hasira zangu ni kwa waliojua wakakaa kimya, au hawakujua wakajifanya wanajua. Kuna kaka mmoja alikuwa mbele yangu maabara, kila nikimuuliza sampuli ngapi anajibu "zikivuka 30 kila upande takwimu zinajiseti zenyewe". Zinajiseti! Kama saa ya ukutani. Na msimamizi wangu proposo (pendekezo la utafiti) alisaini amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, "leta data kwanza uchambuzi baadae". Baadae ndo hiyo, nilifuta neno "athari" kwenye kichwa cha tasnifu nikaandika maelezo ya sehemu mbili tofauti, miezi 14 ikawa kama ripoti ya matembezi.

Sasa wewe bado una wiki nzima, utajiri huo. Chukua karatasi chora uzio wako uko wapi, mteremko unaelekea wapi, maji yako wapi, chora na jedwali la data likiwa tupu lenye vichwa vya safu, nenda navyo kwa mtakwimu wa chuo kesho. Hizo ploti 160 ukizigawa kwenye nyuzio 8 na maeneo 8 ya wazi, kila uzio na jirani yake, ploti 10 kila sehemu, idadi ya kuhesabu ni ileile, utatembea zaidi tu, ila sampuli zako ni 8 kwa 8 na sio 1 kwa 1. Na kama kuna nyuzio hazijajengwa bado usilale, pima nyasi kabla mifugo haijazuiwa, mimi kipimo cha kabla ya moto ningekilipia hata kwa figo.

Uliuliza programu ya takwimu ipi, R au SPSS, zote zitakupa jibu la uongo kwa kasi ileile kama mpango ni mbovu. R ni ya bure, chukua hiyo. Ulikuwa na swali jingine la kumwandika mtakwimu jina kwenye makala au kumlipa, hilo wengine watasaidia.

Mi nijibu hili kwanza: hapo unapoenda kuna nyuzio ngapi, ni huo mmoja tu?