Wapolandi Wanazaa Zaidi Ugenini?

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Huku Uingereza nasikia kina mama wa Kipolandi wanazaa sana, ilhali kwao Poland watoto wamepungua. Lipi la kweli? – Mama Salma, Reading

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote mawili. Mwaka 2011, wanawake waliozaliwa Poland wanaoishi Uingereza na Wales walikadiriwa wastani wa watoto 2.1 kila mmoja. Kwao Poland ilikuwa kama 1.3.

Sababu kubwa ni umri. Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, waliokuja huku wengi walikuwa vijana ambao hawajaanza familia. Wakapata kazi, wakapata nyumba, ndipo wakazaa, wengi ndani ya miaka ileile. Wastani wa watoto lazima upande.

Namkumbuka mmoja niliyemzalisha usiku wa baridi kali. Mama yake alifika siku mbili kabla, kaja na supu ya kuku ndani ya chupa ya chai, akawa anamkanda binti mgongo bila kusema neno. Nilimkumbuka marehemu mama yangu Tanga, na uji wake wa pilipili manga.

Tangu 2016 serikali ya Poland ilitoa zloti 500 kwa mwezi kwa mtoto wa pili na kuendelea, baadaye kwa kila mtoto. Hata hivyo, mwaka 2023 wastani ulikuwa chini ya 1.2. Kwa hiyo jirani akikwambia wanawake hawa wanazalia posho, usimkubalie. Mimi nimewapokea wakitoka zamu ya usiku kiwandani, miguu imevimba, na mimba ya miezi minane.